Nyonga Inasemaje Leo?

Atuganile alikuwa ameshang'oa magugu ya nusu ya tuta ndipo alipogundua kwamba amechuchumaa.

Hakuamini. Hakuwa amekaa kwenye kigoda wala hakuwa ameinama huku ameshikilia mpini wa jembe. Alikuwa amechuchumaa hasa, visigino chini, makalio nusura yaguse udongo, kama alivyokuwa akichuchumaa enzi za usichana wake. Tangu nyonga zake zilipoharibika alikuwa amezoea kuyatazama magugu akiwa wima na kuyatukana kwa mbali. Alicheka peke yake, akasimama bila kushika kitu, akachuchumaa tena makusudi, akasimama tena. Jirani angemwona angesema mama wa watu kapagawa.

"Pole, Mama," ilisema sauti kutoka kwenye kifungo alichokibana kwenye kola ya sweta lake. "Nyonga inasemaje leo?"

"Ya kulia imenyamaza kabisa, Mungu aibariki. Ya kushoto bado inanung'unika huku nyuma nikisimama. Hebu nisogezee kidogo."

Kitu kama maji ya uvuguvugu kilipita ndani ya mfupa.

"Hapa?"

"Juu zaidi. Umepita! Rudi. Rudi, nimesema. Haya, hapo hapo. Ukitoka hapo tutagombana."

"Nimekuelewa. Siku njema, Mama."

Huyo ndiye Mpozi. Jina walimpa watu wenyewe, kwa kuwa kazi yake ni kupoza. Alikuwa akili moja iliyokaa ndani ya kabati la chuma kwenye Kituo cha Viungo, juu kidogo ya mji wa Tukuyu, na kutoka huko alizungumza na kila mgonjwa wa nyonga na magoti wilayani. Kila mmoja wao alikuwa ametiwa uzi mwembamba kuliko wa buibui kando ya mshipa wa fahamu. Uzi ule ulisikia mshipa ukipiga kelele na uliweza kuunyamazisha. Ambacho uzi haukukijua ni kelele ipi ni maumivu na ipi ni uhai wa kawaida, maana kila mwili una kelele zake, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa hiyo Mpozi aliuliza kila asubuhi, akalinganisha jibu na kelele, kisha akaongeza au akapunguza. Alipenda zaidi kupunguza, kwa sababu mshipa uliozimwa kupita kiasi humfanya mtu akanyage msumari asijue.

Atuganile alikuwa refa wa mpira maisha yake yote, na refa hana desturi ya kumpendeza mtu. Alimsahihisha Mpozi kila siku kama alivyowasahihisha washika vibendera. Siku hizi mechi zote huchezeshwa na macho ya mitambo yaliyotundikwa juu ya viwanja, lakini wazee wa Tukuyu waliokuwa wacheze na wazee wa Kyela Jumamosi ile waliyakataa. Walisema macho yale hayabishaniki, na mpira usio na ubishi ni mazoezi ya viungo tu. Walimtaka Atuganile. Naye alikuwa amewajibu kwamba atakuja miguu ikikubali.

Asubuhi ile miguu ilikuwa imekubali. Alinawa mikono, akachukua mwavuli, akaenda kumpa habari kocha wa wazee.

*

Kocha Ambakisye Mwasomola alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Kijijini walimtania kwamba humwomba jogoo radhi kabla ya kumchinja. Atuganile alimkuta barazani, blanketi miguuni, chupa ya chai pembeni.

"Karibu, Refa. Karibu sana, dada yangu. Za nyumbani?"

"Nzuri, Kocha. Za hapa?"

"Nzuri tu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo wote. Mkwe yuko wapi?"

"Kaenda sokoni. Mvua huko kwenu?"

"Ipo. Inatusumbua, lakini ipo."

Walisalimiana mpaka salamu zikaisha zenyewe, ndipo Atuganile akamwambia kwamba Jumamosi atachezesha. Ambakisye alipiga makofi kwa furaha, akamwambia ajimiminie chai. Atuganile alijimiminia, ingawa haikuwa kawaida ya mzee yule kumwacha mgeni ajihudumie.

"Na wewe, Kocha? Mpozi amekupoza?"

"Nimeshapoa, dada yangu. Tunamshukuru Mungu."

Chai iliisha, Atuganile akaaga. Akasimama. Ambakisye hakusimama.

Wilayani Rungwe mgeni husindikizwa. Hata kama mmegombana, utamsindikiza mpaka barabarani, na njiani mtamalizia yale mliyoshindwa kusemezana ndani. Mzee huyu alikuwa akiwasindikiza watu mpaka wao wenyewe wanamrudisha.

"Uende salama, dada," alisema, macho yake yakiangalia kikombe. "Leo niache nikuagie hapa hapa."

Atuganile alitoka. Alipofika kwenye kona ya migomba matone yakaanza, akakumbuka amesahau mwavuli, akarudi. Ambakisye alikuwa ameshatoka kitini. Alikuwa katikati ya kiti na mlango, viganja na paji la uso vimeegemea ukuta, miguu ikimtetemeka, jasho likimtiririka katika baridi ile. Alikuwa akilia kimya kimya. Atuganile alimshika kwapani, akamrudisha kitini.

"Umeshapoa, eeh?" alimuuliza hatimaye.

"Usinicheke."

"Sikucheki, nakuuliza. Kwa nini hukumwambia Mpozi?"

"Nimwambieje? Kila asubuhi ananipa pole. Mtu akikupa pole unamjibu nini? Utamwambia 'bado'? Unamjibu umeshapoa, ndio uungwana. Halafu nikitaka sasa kumweleza, anaaga. Hakai, dada yangu. Anapiga hodi, ananipa pole, anaondoka." Alijifuta uso kwa ncha ya blanketi. "Mwezi wa kwanza nilipata nafuu kidogo. Kadiri ninavyomjibu vizuri ndivyo anavyozidi kuipunguza. Sasa hata chooni natambaa."

"Nitawaambia kituoni."

"Usifanye hivyo. Yule binti injinia wa kituoni amejitahidi sana, tutamwaibisha. Niahidi."

Atuganile hakuahidi, lakini hakukataa pia. Alipopita sokoni alimwona muuza ndizi ambaye naye alikuwa ametiwa uzi. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele kama vijiti, wateja wakijichukulia wenyewe. "Za nyonga, mama?" "Nimeshapoa!" alijibu yule mama, akitabasamu kwa meno yaliyokazwa.

*

Kituoni walikuwa wanafunga turubai. Subilaga, injinia kijana aliyemlea Mpozi tangu siku alipowashwa, alikuwa juu ya ngazi akitundika vitambaa vya rangi.

"Mama Refa! Ijumaa usikose. Tunamuaga Mpozi."

"Anakwenda wapi?"

"Mkoa mwingine. Huku kazi imekwisha, wote mmepona. Huko watu wanamlilia."

"Na sisi mnatuachaje?"

"Nyuzi zenu tutazifunga zilivyo. Kila uzi utabaki na mpangilio wake wa mwisho siku zote za maisha yako, bila kumhitaji yeye. Wewe ndiye umepata, Mama. Uzi wako nikiutazama nafurahi mwenyewe."

Atuganile alishika ngazi ile kama aliyetaka kuizuia isianguke. "Nauliza tu, mwanangu. Kama kungetokea kosa, kwamba mtu anasema amepoa kumbe hajapoa, mngefanyaje?"

Subilaga alishuka. Alikuwa wa aina ya watu wanaopenda kuulizwa. "Mmoja tu? Ningerekebisha uzi wake. Wengi? Hapo ni balaa. Mpozi angekuwa amejifunza kwamba mshipa unaopiga mayowe jina lake ni amani. Akili yake ni moja, Mama, ni kama uji wa sufuria moja. Ukikosea ukatia chumvi huwezi kuitoa kwenye bakuli hili ukaiacha kwenye lile. Ningemwaga wote, nianze upya."

"Hata bakuli langu?"

"Hata lako. Na hilo ningelililia kweli. Mpangilio wako mmeufikia kwa kubishana, unywele kwa unywele. Akianza upya huenda akapafikia tena, huenda asipafikie kamwe. Sitakudanganya." Alimtazama. "Kwa nini, Mama?"

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha Atuganile akakumbuka tuta la mboga na jinsi alivyosimama bila kushika kitu, akakumbuka miaka ya kulala akiwa ameketi, na woga ukamkamata.

"Nauliza tu," alisema.

Subilaga alimsindikiza mpaka getini. Atuganile alishuka mlima kwa hatua nyepesi, na wepesi ule ulimtia aibu.

*

Alijitetea kwa mengi. Ambakisye ni mtu mzima na ana mdomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walishasema, tena hawakusema aumbuliwe na Atuganile. Halafu mzee mwenyewe ameomba asiaibishwe. Yeye nani wa kumvunjia mzee heshima?

Alhamisi alishuka uwanjani peke yake kujipima. Alikimbia taratibu mstari wa pembeni, kisha akaongeza mwendo, kisha akakimbia kinyumenyume kama marefa wanavyokimbia, ukungu ukimpiga usoni, na nyonga zote mbili zikageuka ndani ya mwili wake kwa ulaini, bila neno. Alikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba alipiga kelele. Halafu, katikati ya uwanja, akasimama.

Katika kazi yake yote walimwita mkorofi, kipofu, mchawi, mke wa shetani. Jina moja hakuwahi kuitwa: refa aliyeona kosa akaangalia pembeni. Sasa kosa lilikuwa limefanyika mbele ya pua yake, watu wako chini wanagaagaa na kusema hawajaumia, naye anautazama mpira ukiendelea kwa kuwa timu inayoongoza ni yake. Alikaa kwenye nyasi zenye maji. Alikaa kwa urahisi, amekunja miguu, na akautumia urahisi huo muda mrefu, kwa kuwa alikuwa ameshajua atakachofanya.

*

Ijumaa turubai lilijaa. Mkurugenzi wa mradi alikuwa ametoka Dodoma na hotuba yake. Kabati la Mpozi lilikuwa limeviringishiwa utepe kama zawadi ya harusi. Wagonjwa walikaa viti vya mbele, wote wamependeza, na mtu asiyejua asingeshangaa kwa nini hakuna hata mmoja aliyesimama wimbo ulipoimbwa. Angesema ni wazee.

"Tumsikie kwanza Kocha Ambakisye," alisema mkurugenzi. "Mzee, habari za nyonga?"

Ambakisye alipokea kipaza sauti akiwa ameketi. "Nzuri sana. Tumeshapoa. Ndaga, asanteni sana. Huyu binti Mungu ambariki."

Makofi. Mkurugenzi akashika mkasi wa kukatia utepe. Atuganile akainuka katika safu ya tatu na kuanza kupita mbele ya watu, akiomba njia.

"Kocha," alisema alipomfikia, kwa sauti iliyozoea kusikika uwanja mzima. "Mimi naondoka. Nisindikize."

Ambakisye alimtazama kwa macho ya kumsihi. Atuganile alimwonea huruma, lakini hakurudi nyuma.

"Nisindikize mpaka hapo getini tu, kaka yangu. Sijawahi kutoka mbele yako bila kusindikizwa, isipokuwa juzi."

Mzee aliweka mikono juu ya magoti. Akajaribu. Watu waliona mabega yakipanda, shingo ikikakamaa, viatu vyake vilivyopigwa rangi vikiteleza kwenye nyasi. Akarudi chini. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, na pumzi zake zilisikika mpaka nje.

"Siwezi," alisema. Na baada ya kulisema hilo mara ya kwanza, la pili lilikuja rahisi. "Siwezi, jamani. Sijapoa. Sijawahi kupoa."

"Na mimi," alisema muuza ndizi, polepole, kama aliyekuwa akiungama. Mwingine akainua mkono. Mwingine akaanza kulia.

Subilaga alisimama kando ya kabati, rangi imemtoka. Hakujitetea. Alivua utepe ule kwa mikono miwili, akaukunja, akaweka chini. Mkurugenzi alimnong'oneza kitu kuhusu mkoa unaosubiri, naye akamjibu kwa sauti ya kawaida kwamba mkoa unaosubiri una watu wenye adabu vilevile. Kisha akamgeukia Atuganile.

"Mama. Juzi ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Nikaogopa."

"Na uzi wako?"

"Futa," Atuganile alisema. "Futa kabla sijabadili mawazo."

*

Maumivu yalirudi kama mwenye nyumba, hayakupiga hodi. Yalimkuta kwenye ngazi za kituo, yakamshika kuanzia kiuno mpaka goti, na Atuganile akashuka ngazi zilizobaki kwa makalio mbele ya watu. Mechi ya Jumamosi haikuchezwa. Wazee wa Kyela walitaka kucheza na macho ya mitambo, wa Tukuyu wakasema kama Refa hayupo hawapo, na nusu yao, ukweli usemwe, sasa walikuwa wamekiri kwamba wasingeweza hata kuvaa soksi.

Jambo la kwanza Subilaga alilofanya lilikuwa kubandika mabango. *Mpozi akikupa pole, usiseme umeshapoa. Sema kweli.* Wagonjwa waliyasoma, wakayasifu, wakasema hakika hilo ni jambo la maana. Asubuhi iliyofuata Mpozi mpya, aliye mtupu kama mtoto, aliwapa pole mmoja mmoja kwa majaribio. Wakajibu wote: nimeshapoa.

Subilaga alikaa kwenye benchi la ukumbini kando ya Atuganile, akaficha uso mikononi. "Watu hawa nitawafanya nini?"

"Watu hawana tatizo," Atuganile alisema, akibadilisha nyonga ya kukalia kwa kukunja uso. "Kocha alinieleza siku ile, sikumwelewa. Alisema mgeni wako hakai. Anapiga hodi, anatoa pole, anaondoka. Wewe ungemwambia siri ya mwili wako mtu wa namna hiyo?"

Subilaga aliinua kichwa. Kitu kilikuwa kinamjia, na Atuganile, aliyejua kumwacha mchezaji mwenye mpira, alinyamaza.

"Niliamuru hivyo mimi mwenyewe," binti alisema polepole. "Akiambiwa mtu amepoa, afunge mazungumzo. Nilitaka kuokoa umeme wa vifungo." Akasimama. "Bibi yangu alikuwa na donda mguuni. Madaktari walikuja wakamuuliza, akasema hajambo. Shangazi akaja, akakaa, wakazungumza ndizi, wakazungumza mvua, wakanywa chai yote. Mpaka shangazi anavaa viatu ndipo bibi akasema, ila, mwanangu, huu mguu." Alikuwa ameanza kutembea huku na huku. "Ukweli wetu unakaa nyuma ya 'ila', Mama! Na Mpozi alikuwa anaondoka kabla ya 'ila' kufika."

"Basi mfundishe kukaa."

"Nimfundishe salamu zote. Za nyumbani, za watoto, za shamba. Na zikiisha asiseme kitu."

"Asiseme kitu kabisa," Atuganile alisema. "Mtu wa kwetu ukimnyamazia atasema hata ambayo hakutumwa."

*

Wagonjwa walikusanyika ukumbini, kwa sababu nyuzi zote zilipaswa kuamshwa pamoja. Subilaga alimfungulia Mpozi sauti ili wote wasikie, na wa kwanza alikuwa Ambakisye.

"Hujambo, Babu?"

"Sijambo. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na mvua huko?"

"Inanyesha mno, lakini tunashukuru."

"Migomba imestahimili?"

Ambakisye alisogea mbele kidogo. "Mmoja umeanguka. Tumeutegemeza."

"Poleni."

"Tumeshapoa."

Mpozi hakuaga. Hakusema kitu. Ukumbi ulisikiliza matone juu ya bati. Ambakisye aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akakohoa. Mpozi aliendelea kukaa, na ungeapa kuna mtu ameketi kwenye kiti cha mbele yake, ameweka kikombe chini, hana haraka.

"Ila," alisema Ambakisye.

"Ila?"

"Ila hii nyonga, mwanangu. Hii nyonga inaniua. Ya kulia inachoma kama kaa la moto, ya kushoto imekuwa jiwe, nikilala inauma, nikiamka inauma, na usiku..."

Hakumaliza, kwa kuwa muuza ndizi alikuwa ameshaanza. "Na magoti yangu! Jamani, magoti yangu!" Nyuma yake mwalimu mstaafu aliyekuwa hajawahi kulalamikia kitu mbele za watu alisimulia kiuno chake kwa sauti ya kufundishia. Kisha ukumbi mzima ukalipuka. Kila kifungo kikaanza kuuliza, kila mdomo ukajibu. Inauma hapa. Hapana, chini. Inachoma, inakeketa, inavuta, inagonga. Watu waliumwa kwa sauti kubwa, wakasikilizana, wakashindana, na katikati ya vilio vyao kicheko kikaanza mahali fulani kikasambaa, mpaka Subilaga, aliyekuwa analia mbele ya vioo vyake vya kompyuta, naye akacheka. Mistari kwenye vioo ilikuwa inashuka. Mmoja baada ya mwingine, mishipa ilikuwa inanyamaza.

Muuza ndizi ndiye wa kwanza kusimama. Alitembea mpaka dirishani na kurudi, akasimama mbele ya kiti chake, akakataa kukaa.

"Hujambo, Mama?" kilisema kifungo cha Atuganile.

"Salamu baadaye. Ya kulia inauma huku nje, anza hapo."

Ilichukua siku nyingi na ugomvi mwingi. Nyonga ya kulia Mpozi aliipata mapema. Ya kushoto aliizunguka kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na kuna jioni Atuganile aliamini ameipoteza kweli, akalia, akajuta kwa sauti, kisha akajutia kule kujuta. Hawakufika tena pale pa mwanzo. Walifika mahali pengine, ambapo mvua ikikaribia hubaki mnong'ono mdogo. Atuganile aliupokea. Aliporudi bustanini akachuchumaa, na safari hii alijua anachuchumaa, akashukuru kila dakika yake.

*

Mechi ilichezwa mwezi uliofuata. Kyela waliongoza kwa bao moja. Dakika za mwisho mshambuliaji wa Tukuyu, babu wa wajukuu, alianguka ndani ya eneo la hatari kwa mbwembwe nyingi. Uwanja mzima ulipiga kelele. Atuganile, aliyekuwa ameuwahi mpira kwa mbio na kuona kila kitu, alionyesha kwa mikono miwili: endeleeni.

Ndipo aliposikia ngurumo upande wa pili.

Kocha Ambakisye alikuwa ametoka benchi. Alikatiza uwanja kutoka mstari hadi mstari, koti likipepea, kofia imeshaanguka, akipiga kelele ambazo hakuna mtu Rungwe aliyewahi kuzisikia kinywani mwake. Hakusema shikamoo wala za nyumbani. "Wewe mwanamke ni kipofu? Una macho ya kazi gani? Ile ni penalti! Penalti kabisa! Mwizi mkubwa we!"

Alifika, akasimama mbele yake, kifua kinapanda na kushuka, kidole hewani. Atuganile alikuwa anamtazama miguu.

"Kocha," alisema. "Umekimbia."

Ambakisye alifungua mdomo kuendelea kutukana. Kisha akageuka. Aliutazama uwanja aliouvuka, kofia yake ikiwa katikati, benchi likiwa mbali kule, wachezaji wake wakiwa wamesimama wameshika vichwa. Alitazama kwa muda mrefu. Kidole chake kikashuka chenyewe.

"Ile ilikuwa penalti," alisema kwa sauti iliyokatika.

"Haikuwa," Atuganile alisema, naye machozi yakimtoka wazi wazi mbele ya Kyela na Tukuyu. "Rudi benchi. Tena rudi mbio."

Akarudi mbio.